Mheshimiwa, uliunga mkono hoja gani?

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wakulima na wafanyabiashara wa mazao, Uyole, jijini Mbeya. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: mwagonile, kamwene. Humu ndani nawaona watu niliowafundisha Uraia wakiwa kidato cha pili, sasa wana mvi kuliko mimi. Kwa hiyo mkiniona naongea kama niko ubaoni, mnivumilie.

Nimeombwa nizungumzie misimamo ya mbunge kwenye mambo makubwa ya nchi. Niseme mapema kwamba simsemi mbunge wa jimbo hili wala wa jimbo lolote lililo jirani. Nazungumzia kiti, na yeyote atakayekikalia. Ukimuuliza mtu wa Tukuyu, wa Mafinga au wa Makambako, mbunge wenu yukoje, utajibiwa haraka: ni mtu wa watu, msiba wetu alikuja, ametoa mabati, simu anapokea. Ukiendelea, je, kuhusu bima ya afya anasimama wapi? Kuhusu kuuza mahindi nje? Hapo mtu anakuangalia kama umemuuliza habari za mwezini.

Mabati ni kitu kizuri, sikatai. Tena kuna sheria ya mwaka 2009 iliyoanzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, kwa hiyo saruji na mabati mengine mnayoyapigia makofi ni fedha za umma. Aliyewaletea siyo aliyewanunulia. Ila Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 63, haikumtuma mbunge kugawa mabati. Imewapa wabunge madaraka, kwa niaba yetu, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Watamuuliza Waziri maswali, watajadili bajeti ya kila wizara, watatunga sheria, wataridhia mikataba ambayo nchi inaingia. Kazi yenyewe ni hiyo. Haya mengine ni utu wake, na utu tunamshukuru.

Sasa tuanze na kilicho mbele ya macho yetu. Mtu yeyote atoke nje ya ukumbi huu aende pale magari yanapopakia viazi. Atakuta gunia limejaa mpaka mdomoni, halafu juu yake limeungwa kipande cha gunia jingine, limeshonwa kwa kamba, na viazi vinatokeza juu kama bega la mtu. Lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo upo. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kila mmoja hapa anajua lile la nje lina uzito gani, na anajua pia kwamba akikataa kulishona hivyo, dalali anahamia shamba la jirani.

Je, lumbesa ni jambo la kitaifa? Ni la kitaifa kabisa. Mbunge wa Iringa anayelalamikia lumbesa anasema kwa niaba ya mkulima, lakini Bungeni amekaa pia mbunge wa mjini ambaye wapiga kura wake wananunua viazi kwa bei ya rejareja na hawataki kusikia habari ya gunia kupunguzwa. Msimamo unaanzia pale ambapo kuna mtu mwingine, mwenye haki yake, anayevutia upande wa pili. Mbunge anayesema "napenda maendeleo ya wakulima" hajasema kitu, kwa sababu hakuna mbunge anayechukia maendeleo ya wakulima.

Chukueni mahindi. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na kwa mtu anayenunua unga kilo mbilimbili sababu hiyo ilikuwa nzuri. Sisi wa nyanda hizi, Mbozi, Njombe, hadi Rukwa na Ruvuma, tukabaki na magunia ndani na bei ikaporomoka. Basi mkimpata mheshimiwa, msimuulize kama anawajali wakulima wa mahindi. Muulizeni hivi: mavuno yakiwa mabaya mikoa mingine, unataka mpaka wa Tunduma ubaki wazi au ufungwe? Ukifungwa, nani anamfidia mkulima wa Vwawa aliyekopa ili apate mbegu? Na kama unataka ubaki wazi, utamwambia nini mtu wa Dodoma siku sembe ikipanda? Hapo atapaswa kuchagua, na mkishajua amechagua nini ndipo mtakuwa mnamjua.

Mwezi Aprili 2025 mlikiona kitu kinachofanana na hicho, kwa upande wa pili. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao kutoka nje, ndizi na mchele vikiwemo, na Waziri wetu wa Kilimo akajibu kwa kutangaza zuio la mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini. Zuio letu halikudumu, liliondolewa baada ya muda mfupi. Lakini mama wa Rungwe mwenye mikungu ya ndizi pale Kasumulu hakuhitaji muda mrefu ili apate hasara. Ndizi haisubiri mazungumzo ya kidiplomasia. Angalieni tu jinsi mambo hayo yalivyoamuliwa: kwa tangazo. Hakuna mbunge aliyeitwa jina akapiga kura. Basi mbunge angefanya nini? Hapa ndipo watu wengi wanaposema "mbunge hana nguvu" na kukata tamaa, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Mbunge anazo silaha, ila nyingine ni butu na nyingine zina makali pande zote mbili. Anaweza kuuliza swali la msingi, likajibiwa na Naibu Waziri kwa karatasi iliyoandikwa, kisha akapewa maswali ya nyongeza. Siku za Alhamisi anaweza kumuuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Anaweza kuleta hoja binafsi. Na wakati wa bajeti za wizara anaweza kushika shilingi. Hili la shilingi vijana wengi hawalijui, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, wanapofika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama na kusema: nisipopata maelezo ya kuridhisha kuhusu jambo hili, natoa shilingi kwenye mshahara wako. Ni shilingi moja. Lakini Waziri lazima asimame ajieleze mbele ya nchi nzima, na wabunge wengine wanaruhusiwa kuingia kwenye mjadala, wa kumuunga mkono na wa kumpinga. Mwisho wa yote mbunge anaulizwa kama anairudisha shilingi. Mara nyingi anairudisha, tena kwa shukrani nyingi.

Sasa mkitaka kujua msimamo wa mtu, tazameni alishika shilingi kwa jambo gani, aliirudisha baada ya kuahidiwa nini, na mwaka uliofuata alikumbuka kuuliza ahadi ile iliishia wapi.

Haya yote yameandikwa. Yako kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, na tovuti ya Bunge inaziweka, kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzifungua. Mimi huzisoma kama wengine wanavyosoma magazeti ya michezo. Kuna mchango wa namna moja ambao mkishaujua hamtausahau. Wizara imeleta hoja ya bajeti yake. Mheshimiwa anasimama, anawashukuru Mwenyezi Mungu, Rais, Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu na wapiga kura wake. Dakika zinakwenda. Kisha anaanza kulia: barabara mbovu, mbolea imechelewa, zahanati haina dawa, maji hakuna, Mheshimiwa Waziri unatutesa! Kwenye mabano imeandikwa (Makofi). Halafu imeandikwa kwamba kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Naye anamalizia: "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja." Wengine wanaongeza "kwa asilimia mia moja". Makofi tena.

Kipande cha kilio ndicho kinachokatwa na kutumwa kwenye makundi yenu ya WhatsApp. Zile sekunde za mwisho huwa hazitumwi.

Nimtetee kidogo, maana si haki kumcheka mtu bila kueleza amefungwa na nini. Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge akisema hapana pamoja na wenzake wengi, huenda anarudi kwenye kampeni kabla hajamaliza mkopo wa gari. Ibara ya 71 inasema akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimekwenda. Na ibara ya 99 inamzuia kuleta mwenyewe muswada wa kuongeza kodi au kuongeza matumizi ya Serikali. Mambo hayo lazima yaletwe kwa pendekezo la Rais kupitia Waziri. Kwa hiyo mgombea akisimama jukwaani akawaambia "nikifika Dodoma nitaleta sheria ya kuongeza ruzuku ya mbolea", anawaahidi kitu ambacho Katiba haimruhusu kukileta. Anaweza kukipigia debe, hiyo sawa. Kukileta, hapana.

Na ukweli wa kiti hicho ni kwamba msimamo una gharama. Januari 2022 Spika Job Ndugai alijiuzulu siku chache baada ya maneno yake kuhusu mikopo ya taifa kuzua kelele. Aliyemfuata, Februari mwaka huo, alikuwa mbunge wa hapa hapa Mbeya Mjini, Dkt. Tulia Ackson. Spika hachangii hoja kama wabunge wengine, wala Waziri hasimami kumbana Waziri mwenzake, kwa hiyo jimbo lenye mkubwa wa namna hiyo lipimwe kwa kipimo kingine. Hilo nalipita, lina siku yake.

Lakini msije mkafikiri kufungwa huko kumemziba kila mtu mdomo. Nyanda hizi zimewahi kutoa watu. Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na mbunge wa Kyela, Dkt. Harrison Mwakyembe; taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Na yupo marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alipokusanya saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, Filikunjombe, mbunge wa chama tawala, alitia saini. Hoja ile haikufika kwenye kura, lakini Mei mwaka huo mawaziri kadhaa waliondolewa. Miaka miwili baadaye alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya hesabu za Serikali iliyoleta ripoti ya fedha za Escrow, zile za malipo ya umeme zilizochotwa Benki Kuu. Alikufa kwenye ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi. Msinielewe kwamba alikuwa malaika. Nasema tu watu wa Ludewa hawakuwa na haja ya kubahatisha mbunge wao anafikiri nini.

Turudi kwenye mifuko yenu. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza. Mtu aliyemtumia mama yake fedha kutoka Mwanjelwa kwenda Ileje, alikatwa. Kelele zikapigwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wakati ule wa kelele ungesikia wanasiasa wengi wakisema wako na wananchi. Lakini tozo ile haikushuka na mvua. Iliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2021, iliyopita Bungeni mwezi Juni, wabunge wakiwa ukumbini. Kwenye miswada mingi hamtapata jina la mtu, kwa sababu Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, na ukumbi unajibu kwa sauti moja. Bajeti yenyewe ndiyo inayopigiwa kura kwa kuita majina, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kwa tozo itabidi msome michango. Ni kazi, lakini si ngumu kuliko kupalilia viazi.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Agosti 2022, hapa hapa Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia alizindua mbolea ya ruzuku. Mfuko wa DAP uliokuwa umepita shilingi 130,000 ukauzwa 70,000. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa imepanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954 kwa mwaka mmoja. Wabunge waliosema ndiyo kwa bajeti ile walisema ndiyo kwa kitu mlichokibeba mabegani, na waliolia miaka mingi kuhusu mbolea wana haki ya kujisifu. Maswali yaliyobaki ni ya msimamo vilevile: ruzuku hii iende mpaka lini, apewe kila mkulima au mdogo tu, na kwa nini kuwe na ruzuku ya mbolea ilhali faida yake yote inaishia kwenye lumbesa? Mimi naona tumemsaidia dalali kwa fedha za hazina. Mnaweza kunipinga.

Bima ya afya kwa wote, sheria yake ilipitishwa Novemba 2023. Hapa sina shaka na nia. Nataka kujua mbunge anasemaje kuhusu mkulima wa msimu, ambaye Machi hana hata nauli na Julai ana fedha za kununua bati. Alipe lini? Asiye na uwezo anatambuliwa na nani, kijiji au wilaya? Kanuni zinaandikwa na Waziri, na huko ndiko mambo haya yanakoamuliwa.

Mkataba wa bandari na Dubai, Bunge liliuridhia tarehe 10 Juni 2023, na kesi ya kuupinga ilisikilizwa hapa jijini kwetu, Mahakama Kuu, ikatupwa Agosti 10. Sitaki kuufufua mjadala ule, tuligombana vya kutosha. Nakumbusha tu kwamba kuridhia mkataba kama ule ni madaraka ya Bunge. Vilevile kuanzisha hifadhi ya taifa au kugusa mipaka yake hupita kwa azimio la Bunge. Wenzetu wa Mbarali, walioishi miaka mingi na Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008, lililopanua mipaka ya Hifadhi ya Ruaha, wanajua azimio moja linaweza kugeuza shamba la mpunga kuwa mbuga. Azimio halina mbwembwe. Linasomwa, linachangiwa, linapita, na baadaye mtu anaamka amejikuta ndani ya hifadhi.

Kuna aliyeniandikia swali kabla ya mkutano: kwa nini tusimwite tu mbunge nyumbani akituangusha? Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na kipengele cha wapiga kura kumwondoa mbunge kabla ya muda. Bunge Maalum la 2014 lilipomaliza kazi, kipengele hicho hakikuwemo. Waliokiondoa wengi wao walikuwa wabunge; msishangae sana. Na kura ya maoni ya kuipitisha Katiba hiyo, iliyopangwa Aprili 2015, haikufanyika. Kwa hiyo hilo nalo ni swali la kuuliza: mheshimiwa, kikirudi mezani, utakiunga mkono?

Sasa ya kufanya. Bunge la Bajeti linaanza Aprili na kumalizika Juni. Kumwandikia mbunge mwezi wa Juni ni kuchelewa, wizara zimeshapita. Napendekeza kabla ya mwisho wa Februari chama hiki cha wakulima na wafanyabiashara kiwe na barua ya ukurasa mmoja, yenye maswali matatu tu, siyo kumi na saba kama ile ya mwaka ule mnayoikumbuka. La lumbesa liwe la kwanza, na mheshimiwa aulizwe moja kwa moja kama yuko tayari kushika shilingi ya Waziri kwa ajili yake. Mpaka wa Tunduma na Kasumulu liwe la pili. La tatu mchague wenyewe. Mihuri ya chama igongwe, nakala apelekewe diwani, na mpate sahihi ya aliyeipokea ofisini kwa mbunge. Kisha vijana wawili wenye simu nzuri wapewe kazi ya kufuatilia Hansard kila wiki na kutusomea hapa, wasome mpaka pale kwenye "naunga mkono hoja".

Katibu, daftari unalo? Haya, andika pendekezo la kwanza. Na yule mama wa ndizi pale dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja Kasumulu, aanze yeye.